Ramani ya kwanza ya mtoto: maswali ya wasomaji

SWALI: Nimemnunulia mwanangu wa miaka minne kitabu cha picha cha ramani ya dunia. Simba na pengwini anawaonyesha bila shida, ila nikimuuliza Tanzania iko wapi ananijibu, "Ile ya kijani." Tulipopita Horohoro kwenda Mombasa akawa anautafuta mstari mwekundu wa mpaka barabarani. Nimekosea kitabu? (Mama, Tanga)

JIBU: Mtoto amesoma kilichochorwa, mama. Kitabu ndicho kilichoanzia mbali. Bado hajajua kwamba kitu huchorwa pia kama kinavyoonekana kutoka juu, na bila hilo ramani kwake ni mabaka ya rangi.

Anza na kikombe. Kiweke sakafuni, akichore akiwa amekaa, kisha asimame akiinamie, akichore tena: sasa ni duara lenye mkono uliotokeza kama ulimi. Michoro hiyo miwili ikae kwenye kurasa zinazotazamana. Fuateni sufuria, mkeka, kitanda, chumba kizima, halafu njia ya dukani yenye alama tatu au nne anazozijua: mwembe, bomba, msikiti. Nchi isubiri.

Kitabu cha michoro hiyo mkitengeneze wenyewe. Kata manila vipande vinne vya A4, vikunje katikati na kuvipachika kimoja ndani ya kingine. Mnapata kurasa 16. Toboa mkunjo matundu matatu, moja katikati na mengine sentimita 4 kutoka kila ncha. Sindano itokee nje kwa tundu la katikati, iingie la juu, ivuke ndani hadi la chini, itoke, irudi ndani kwa la katikati. Funga fundo hapo. Pini za stepla hapana: zinang'oka, na mkono wa mtoto uko karibu na mdomo.

Wengi huharibu wanapochanganya: njia imechorwa kutoka juu, nyumba na mwembe kutoka ubavuni. Wachapishaji nao hufanya hivyo, wakamweka na simba aliye mkubwa kuliko Ziwa Victoria. Wanyama wapewe ukurasa wao.

SWALI: Watoto wangu wa chekechea wakiulizwa kaskazini ni wapi, wanaonyesha dari. (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Ramani imetundikwa ukutani, mwalimu, wafanyeje? Itandike sakafuni. Asubuhi, izungushe mpaka upande wake wa mashariki uelekee jua linapochomoza, na watoto wakae kuizunguka. Ukutani irudi baada ya majuma kadhaa.

SWALI: Kwenye kitabu chetu Greenland inakaribia kulingana na Afrika. Ni kweli? (Baba, Nakuru)

JIBU: Hapana. Afrika ni kama mara 14 yake. Dunia ni mviringo; ikitandazwa kwa mtindo wa mchoraji ramani Mercator wa 1569, uliowafaa mabaharia, sehemu za karibu na ncha za dunia, kama Greenland, hutanuka mno. Nunua tufe, hata dogo la sentimita 20.