Jimbo likistawi, mtawala anapata nini?

Mkuu, umeuliza kama kupandisha kiwango cha jimbo kwenye Birthright, mchezo wa mezani wa kuigiza ambamo wachezaji hutawala milki, kunamnufaisha mtawala au raia tu. Kunamnufaisha, tena sana: jimbo la kiwango cha 5 humpa pointi 5 za utawala, anazotumia kuendesha milki yake, kila zamu ya miezi mitatu, ila jumla ya anachovuna haivuki nguvu ya damu ya ukoo wake, yaani namba inayopima damu yake ya kitawala. Damu hafifu, ziada inapotea. Dhahabu ya kodi nayo huongezeka, lakini kodi kali hushusha utii. Mezani kwetu hapa Dodoma mmoja aliwakamua watu kama zabibu, akavuna uasi. Anayeumia kimya kimya ni mchawi: jimbo likikua, nguvu ya uchawi ardhini hupungua. Fikiria pilikapilika za soko la mahindi Kibaigwa. Mzimu gani utakaa pale?