UTI sugu, sindano tano na kadi isiyosoma

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 21, nipo mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar na nakaa hosteli Mabibo. Nasumbuliwa na UTI sugu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyoisha, tangu mwaka wa kwanza. Kila nikipima maabara ya jirani naambiwa ninayo. Nimechomwa sindano tano, zikarudiwa tano nyingine, nikanywa na vidonge, lakini baada ya wiki mbili hali inarudi: muwasho, uchafu mweupe ukeni, kiuno na tumbo la chini vinauma. Picha ya majibu ya mwisho nimekutumia. Rafiki yangu amenielekeza dawa ya unga Kariakoo, elfu sitini, inasafisha figo na kizazi mara moja. Kadi yangu ya bima haisomi, na zahanati ya chuo naiogopa kwa sababu kule tunajuana. Je, ninunue hiyo dawa? Na ni kweli vyoo vya hosteli ndivyo vinavyoniambukiza?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usinunue. Hiyo elfu sitini ya bumu, pesa yako ya kujikimu ya mkopo wa chuo, ina kazi nyingine, nitakueleza huko mbele.

Nimeikuza picha yako mpaka mwandiko ukasomeka. Mstari wa kwanza: seli za usaha 6–8. Aliyepima ameuzungushia duara kwa peni nyekundu na pembeni ameandika UTI kwa herufi kubwa. Mstari wa pili: seli za epitheliali, nyingi. Wa tatu: chembe za fangasi, zimewekewa alama mbili za kujumlisha. Hiyo miwili ya chini haina duara wala maelezo, na mimi ndiyo iliyonishtua.

Epitheliali ni seli zinazobanduka kwenye ngozi laini ya ukeni na mlangoni mwa njia ya mkojo. Zikiwa nyingi namna hiyo, kilichoingia kwenye kikopo si mkojo wa kibofu peke yake. Umepita ukizoa ute na uchafu wa nje, na hizo seli za usaha sita hadi nane zinaweza kuwa zimetoka hukohuko. Mtu wa maabara anayejali angekurudisha msalani na kikopo kingine. Bila shaka hukuambiwa hata namna ya kuchukua huo mkojo: unanawa kwa maji, unaanza kukojoa chooni, unakinga wa katikati tu, wa mwisho unaumalizia chooni. Kisha upimwe ndani ya saa moja, zikizidi sana mbili. Kwa joto letu hili, mkojo uliokaa juu ya meza tangu asubuhi unazalisha bakteria wenyewe bila msaada wa mgonjwa.

Sasa soma tena dalili ulizoniandikia. Muwasho. Uchafu mweupe. Hujataja kuchomwa wakati wa kukojoa, hujataja kwenda haja ndogo kila baada ya dakika kumi na kutoa matone, hujataja homa. Sijakuona wala kukupima, kwa hiyo sikuandikii dawa hapa. Lakini muwasho, uchafu mweupe na chembe za fangasi kwenye karatasi ni vitu vitatu vinavyoelekeza ukeni zaidi kuliko kibofuni. Na ukeni kuna bakteria wazuri wanaozuia fangasi wasitawale. Antibiotiki kali inawafyeka hao pamoja na wengine wote, fangasi wanabaki na uwanja mtupu, baada ya wiki moja au mbili unaanza kujikuna. Unarudi maabara, unakojoa kwenye kikopo kilekile bila maelekezo, seli za usaha zinaonekana, unaambiwa imerudi, unachomwa tena. Inawezekana kabisa kinachokurudisha pale kila mara ni dawa uliyopewa mara iliyotangulia.

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote. Wanafunzi wanaingia chumbani kwangu, kabla sijauliza jina nimeshaambiwa: daktari, nina UTI sugu. Nikiuliza kama mkojo umewahi kuoteshwa, wananitazama kama nimewauliza habari za shambani. Usugu haujulikani kwa ugonjwa kurudi. Unajulikana pale mkojo unapooteshwa maabara, bakteria wakamea, wakapewa majina, halafu wakawekewa dawa mbalimbali ionekane ipi inawaua na ipi hawaijali. Kazi hiyo inachukua siku mbili au tatu, na inafanyika hospitali zenye maabara ya vimelea, Muhimbili ikiwamo, pamoja na baadhi ya maabara binafsi kubwa hapa mjini. Haifanyiki kwa dakika kumi na tano kwenye chumba chenye darubini moja na jokofu la soda. Kabla ya kuotesha, mweleze daktari tarehe ya mwisho ulipotumia antibiotiki, maana dawa ikiwa bado mwilini bakteria hawatamea na utaambiwa huna kitu.

Sisemi maabara zote za mtaani ni mbovu. Wapo vijana wazuri sana mle, waliosajiliwa na wanaojua mipaka yao. Ninachokataa ni biashara ya mtu mmoja kupima, kusoma majibu, kuamua dawa, kuiuza na kuichoma, vyote kwenye benchi moja. Huyo akikuambia huna UTI, hajauza kitu siku hiyo. Na duka la dawa muhimu halina ruhusa ya kupima wala kuchoma sindano, hata kama muuzaji amevaa koti jeupe na mnamwita dokta.

Hizo sindano tano nazo tuziseme. Nina hakika kubwa ilikuwa seftriaksoni, maana siku hizi ndiyo imekuwa kama panado. Ni dawa tunayoitegemea kwa homa ya uti wa mgongo, kwa nimonia kali, kwa mtoto mchanga aliyepata maambukizi ya damu. Shirika la Afya Duniani lilipozigawa antibiotiki katika makundi matatu mwaka 2017, seftriaksoni iliwekwa kwenye kundi la zile za kutumiwa kwa uangalifu, na siprofloksasini mnayoinunua bila cheti imo humohumo. UTI ya kibofu ya msichana mzima asiye mjamzito wala mwenye tatizo la figo hutibiwa kwa vidonge vya siku chache. Nitrofurantoini ni mojawapo ya dawa za kuanzia. Sindano si hatua ya juu ya kidonge, ni njia tu ya kuingiza dawa. Ila watu wetu wakiona sindano wanaamini wametibiwa, na anayeuza anaijua imani hiyo kuliko anavyoijua dawa yenyewe.

Lipo lingine baya zaidi, na hapa nasema na wengi kuliko wewe. Neno UTI limekuwa shuka la kufunikia magonjwa ya zinaa. Kijana wa kiume wa miaka 22 anayechomwa akikojoa na kutokwa na usaha, kitu cha kwanza cha kumtafutia ni kisonono na klamidia, kwa sababu UTI ya kawaida si ugonjwa wa kijana wa kiume mwenye afya. Lakini yeye anaona aibu, anasema UTI, muuzaji anaitikia UTI, anachomwa sindano. Kisonono kinaweza kupungua kwa sindano hiyohiyo, klamidia inabaki palepale, mwenzake wa kike hajatibiwa, na mwezi ujao wanaambukizana upya. Klamidia kwa wanawake walio wengi haina dalili yoyote. Inapanda taratibu, inaacha makovu kwenye mirija ya uzazi, na miaka saba baadaye dada yuko kwenye foleni ya daktari wa wanawake akiuliza kwa nini hashiki mimba. Klamidia hiyo inaweza pia kuonyesha seli za usaha kwenye mkojo ambao ukioteshwa hauoti kitu. Kwa hiyo daktari akikuuliza kuhusu mpenzi wako, tarehe ya hedhi yako ya mwisho na kama mnatumia kondomu, hakuchunguzi tabia. Anatafuta ugonjwa, na hapohapo anataka kujua kama una mimba, kwa sababu mimba inabadilisha dawa na inabadilisha hata uamuzi wa kutibu: bakteria kwenye mkojo bila dalili kwa mjamzito hutibiwa, kwa msichana mwingine kama wewe kwa kawaida huachwa.

Aliyekulia Pwani au Kanda ya Ziwa na anakojoa damu aseme pia, hiyo inaweza kuwa kichocho, na kichocho hakijali seftriaksoni hata ukichoma hamsini.

Unga wa Kariakoo sina mengi ya kusema. Figo hazisafishwi kwa unga. Zenyewe ndizo zinazosafisha damu, na zinachotaka kwako ni maji. Kizazi nacho hakina taka za kusafishwa. Kilichomo kwenye ile pakiti hukijui, aliyekuelekeza hakijui, na yule muuzaji wa kwenye simu anayetuma picha za watu waliopona hana jina wala mahali. Mganga wa tiba asili halali amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwombe namba ya usajili uone atakavyokata simu. Kitunguu saumu, karafuu na sabuni za dawa mnazoingiza ukeni ziacheni pia. Zinaua bakteria walewale wazuri niliowataja, na harufu mnayoikimbia inazidi.

Vyoo: hapana, hukuambukizwa na choo. Bakteria wa UTI wengi wao ni wa tumboni mwako mwenyewe, wanatoka njia ya haja kubwa na kufika kwenye njia ya mkojo ambayo kwa mwanamke ni fupi, kama sentimita nne tu. Tendo la ndoa linawasukuma, ndiyo maana kukojoa baada yake kunashauriwa. Choo kichafu kinakudhuru kwa njia ya kuzunguka: unakiogopa, unabana mkojo tangu kipindi cha saa mbili asubuhi hadi jioni, na hunywi maji ili usilazimike kwenda. Hapo ndipo bakteria wanapopata muda. Kwa hiyo ukitaka kulalamika kwa uongozi wa hosteli kuhusu maji kukatika, lalamika, una haki. Ila acha kumwaga dawa ya kuua vijidudu kwenye kiti cha choo ukidhani umejikinga.

Sasa kadi, kwa sababu nadhani ndiyo iliyokupeleka kwa wale watu tangu mwanzo. Mchango wa mwanafunzi NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao vyuo vingi hukusanya pamoja na ada ni shilingi 50,400 kwa mwaka. Angalia hesabu hiyo halafu angalia bei ya unga. Kadi kutosoma mara nyingi si dirishani hospitali, ni huko nyuma: chuo hakijapeleka orodha ya mwaka mpya, au jina la cheti cha kidato cha nne halilingani na la kitambulisho cha NIDA, au ulikuwa tegemezi kwenye kadi ya mzazi na umri ukapita. Nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, uliza anayeshughulikia bima, mpe namba yako ya usajili na risiti ya malipo, na usiondoke na jibu la «njoo kesho» bila jina la mtu wa kumfuata hiyo kesho. Kama wenzako wa darasa wana shida hiyohiyo nendeni pamoja. Mwanafunzi mmoja anasahaulika, kumi wanaonekana.

Kuhusu kuonekana zahanati ya chuo, nakuelewa, ingawa wahudumu wanafungwa na siri ya mgonjwa kama mimi, na una miaka 21, hakuna anayepaswa kumpigia mzazi wako. Hata hivyo kadi ya NHIF haijafungiwa chuoni. Inatumika kwenye vituo vilivyosajiliwa na Mfuko, ila kwa hospitali za juu utatakiwa rufaa. Wakati kadi inashughulikiwa, lipa taslimu kituo cha afya cha serikali au hospitali ya Sinza Palestina, si mbali na hapo ulipo. Hiyo ndiyo kazi ya elfu sitini. Ukifika mbele ya daktari usiseme «nina UTI sugu». Sema: ninawashwa, ninatokwa na uchafu mweupe, nimechomwa antibiotiki hizi tarehe hizi, naomba nichunguzwe ukeni na nipimwe magonjwa ya zinaa, na kama mkojo una tatizo naomba uoteshwe. Nenda na karatasi zote za zamani. Kipimo cha VVU nacho omba, kwenye vituo vya umma ni bure.

Jambo moja halingoji kadi. Ukipata homa na kutetemeka, ubavu mmoja nyuma chini ya mbavu ukauma, ukaanza kutapika, hayo yanaweza kuwa maambukizi yaliyofika kwenye figo. Chukua bajaji uende hospitali ya Mwananyamala, idara ya dharura haifungi usiku. Mwenzako wa chumba aje na simu yako na kitambulisho cha chuo, mambo ya dirishani ayahangaikie yeye wakati wewe unaonwa.