Bei ya safari ya kupangiwa inatoka wapi? Wasomaji wameuliza

Nina kampuni ndogo ya utalii, huu ni mwaka wa pili. Kila safari napiga hesabu ya gharama, naongeza asilimia 20, lakini msimu ukiisha benki hakuna kitu. Ninayouza zaidi ni ya siku nne kwa wageni wawili: Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Navujia wapi?
*Msomaji, Arusha*

Tuifungue safari yenyewe, mstari kwa mstari. Siku ya kwanza Arusha hadi Tarangire, kulala Karatu. Siku ya pili kushuka kreta, yaani bonde la volkeno la Ngorongoro, kisha kuendelea Serengeti. Siku ya tatu Serengeti nzima. Siku ya nne kurudi Arusha kupitia Ngorongoro. Tozo tunazotumia hapa ni za mgeni mtu mzima kutoka nje, msimu wa juu, mwaka wa fedha 2024/25.

Tarangire ni dola 50, ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 59. Ngorongoro ni 60, na VAT 70.80, na utailipa mara mbili: mara ya kwanza mnaposhuka kreta na kupita kwenda Serengeti, mara ya pili mnaporudi. Kupita tu nako kunalipiwa. Serengeti ni 70, na VAT 82.60, mara mbili kwa sababu mnakaa saa 48. Kulala kwenye kambi ya mahema ndani ya hifadhi kuna konsesheni, yaani tozo ya malazi ndani ya hifadhi, ya dola 60 kwa kichwa kwa usiku, na VAT 70.80, mara mbili tena. Jumla kwa mgeni mmoja ni 507.40, kwa wawili 1,014.80. Ongeza tozo ya gari kushuka kreta, 250 ambayo na VAT inakuwa 295. Tozo peke yake zimefika 1,309.80 kabla gari halijawashwa.

Yanayofuata yanategemea mikataba yako, kwa hiyo tuchukulie hivi: Landcruiser na dereva mwongozaji pamoja na mafuta, dola 220 kwa siku, jumla 880. Karatu kulala na milo yote 90 kwa kichwa, kambi ya Serengeti 180 kwa kichwa kwa usiku, jumla 900 kwa wawili. Kupokea na kurudisha wageni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) 100. Maji na chakula cha mchana cha siku ya kwanza 50. Viingilio vya gari na dereva, ambavyo ni vya shilingi, tenga 40. Gharama kamili inasimama 3,279.80. Tuiite 3,280.

Sasa tuangalie panapovuja. Wengi hunakili tozo kutoka kwenye orodha ya hifadhi bila kuona kwamba bei zimeandikwa kabla ya VAT. Kwa safari hii kosa hilo ni dola 199.80. Ukilifanya, gharama yako kwenye karatasi inasoma 3,080, unaongeza asilimia 20, unamuuzia mgeni 3,696. Unadhani umepata 616, kumbe ni 416. Mgeni akilipa kwa kadi na benki ikakata asilimia 3.5, zinaondoka 129. Dereva akichelewa kutoka geti la Naabi, la Serengeti, siku ya nne, kibali cha Serengeti kinalipiwa upya, 82.60 mara mbili. Umebaki na dola 122 kwa siku nne za kazi, na hapo bado pango la ofisi, leseni ya biashara ya utalii (TALA) na mhasibu.

Hilo la Naabi linastahili neno la ziada, maana hapo ndipo ratiba inapogeuka kuwa pesa. Kibali cha Serengeti kinahesabu saa 24 tangu muda uliopigwa getini, hakihesabu siku ya kalenda. Kwenye safari hii, toka Karatu saa 11:30 alfajiri, kuwa geti la Loduare, la Ngorongoro, linapofunguliwa saa 12, sakafuni mwa kreta saa moja asubuhi, panda saa sita mchana, ingia Naabi saa 9:30 alasiri. Sasa una hadi saa 9:30 alasiri ya siku ya nne. Mgeni anaangalia wanyama asubuhi yote, anakula, mnatoka saa saba bila presha na Loduare mnapita kabla halijafungwa saa 12 jioni. Mwenzako anayepita moja kwa moja bila kushuka kreta anaingia Naabi saa tano asubuhi, na siku ya nne saa tano hiyo hiyo lazima awe ametoka. Kreta akiipanga siku nyingine baada ya kulala Karatu, Ngorongoro atailipa mara ya tatu. Ndiyo, siku ya pili ni ndefu. Mwambie mgeni mapema, na kama ni mzee au ana watoto wadogo, bora alipe siku ya ziada kuliko kumchosha.

Kosa la mwisho ni la hesabu ya asilimia yenyewe. Kuongeza asilimia 20 juu ya 3,280 kunakupa 3,936, na faida ya 656 ni kama asilimia 16.7 ya bei uliyouza. Ukitaka asilimia 20 ya bei ibaki kwako, gawanya gharama kwa 0.8: unapata 4,100. Tofauti ni dola 164, na kampuni nyingi ndogo huziacha mezani kila safari bila kujua.

Wakala wa Ulaya anataka kuuza safari zangu na anaomba asilimia 20. Nimpe kutoka kwenye bei ya tovuti yangu au nipandishe?
*Msomaji, Moshi*

Chukua safari hiyo hiyo ya 4,100. Asilimia 20 yake ni 820. Ukimkatia, unabaki na 3,280, ambayo ndiyo gharama. Wageni umewahudumia bure, na tairi likipasuka unalipa wewe.

Bei inayobeba faida yako na ya wakala ni 4,100 ukigawanya tena kwa 0.8, yaani 5,125. Wakala anachukua 1,025, wewe unapokea 4,100. Ugumu ni kwamba mgeni akifungua tovuti yako akakuta 4,100 wakati wakala anamuuzia 5,125, wakala atakukimbia, na ana haki. Kwa hiyo amua kabla ya kusaini: ama tovuti isionyeshe bei kamili, ama bei ya tovuti iwe na nafasi ya kamisheni ndani yake. Njia ya tatu ni kumpa wakala bei ya jumla (si ya rejareja) ya 4,100 na kumwacha aongeze mwenyewe. Sisi tunaiona hii kuwa safi zaidi kwa kampuni ndogo, kwa sababu hubishani naye juu ya asilimia ya nini: ya bei nzima, au ya bei bila tozo za serikali. Ugomvi wa kamisheni mara nyingi huanzia hapo.

Na uandike kwenye mkataba kwamba tozo za hifadhi zikibadilika, bei inabadilika nazo. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na wageni wa Agosti wananunua Januari.

Tuko watu wanne Muscat, tunataka kuja na familia. Kampuni moja imetupa dola 2,050 kwa kila mtu, nyingine 1,640, ratiba ile ile neno kwa neno. Nani anatudanganya?
*Msomaji, Oman*

Huenda hakuna. Muulize wa 2,050 kama amewapigia hesabu ya wageni wawili kwa gari au wanne.

Gari, dereva, mafuta, kupokea uwanjani, viingilio vya gari na dereva, na tozo ya kushuka kreta havijali idadi ya watu waliokaa ndani. Kwa safari tuliyoifungua hapo juu, vya kugawana ni kama dola 1,315, na vya kila kichwa ni kama 982. Kwa faida ya asilimia 20 ya bei, mgeni akiwa peke yake analipa karibu 2,872, wawili 2,050 kila mmoja, wanne 1,639, sita 1,502. Angalia kwamba kutoka wawili hadi wanne bei inashuka kwa dola 411, lakini kutoka wanne hadi sita ni 137 tu, na hapo mizigo imeanza kukaa mapajani. Wanne ndiyo idadi tamu.

Kama hesabu zote mbili ni za watu wanne, omba majina ya malazi. "Kambi ya mahema Serengeti" inaweza kuwa Seronera katikati ya hifadhi au nje ya mpaka, ambako konsesheni ya hifadhi haipo lakini kila asubuhi mnapoteza muda barabarani. Uliza pia kama VAT imo, na kama gari ni lenu peke yenu. Bahshishi ya dereva haimo kwenye bei yoyote kati ya hizo, tengeni kando.

Mimi ni Mkenya, mume wangu ni Mjerumani. Tukiunganisha Masai Mara na Serengeti kwa gari moja tutaokoa pesa?
*Msomaji, Nakuru*

Gari moja halitawezekana, dada. Mpaka kati ya Mara na Serengeti haufunguliwi kwa watalii, hivyo mtazunguka kupitia kituo cha mpakani cha Isebania na Sirari, na hapo mnabadilisha gari la Kenya kwa la Tanzania. Gari hilo linatoka Arusha likiwa tupu kuja kuwapokea, na siku yake mnailipia ninyi hata kama hamkuiona kwenye ratiba. Mkitaka kuipunguza, tafuteni kampuni yenye gari linaloshusha wageni wengine upande huo tarehe hiyo hiyo, au rukeni kwa ndege hadi Seronera mkakutane na gari lililo tayari ndani.

Tozo zenu hazitafanana. Wewe kwa pasipoti ya Kenya utaingia Serengeti kwa shilingi 11,800 za Tanzania pamoja na VAT, yeye dola 82.60, ndoa haibadilishi kitu getini. Upande wa Mara, tangu Julai 2024 mgeni wa nje analipa dola 100 kwa siku Januari hadi Juni na 200 Julai hadi Desemba, na tiketi inahesabu saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, si saa 24 kama Serengeti. Kwa hiyo mwombeni mpangaji aandike majina yenu kwenye mistari miwili tofauti. Akiwapa bei moja ya "watu wawili", kuna uwezekano mkubwa amekuhesabu wewe kama Mjerumani.