Link ina kufuli, mbona nimetapeliwa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nauza dagaa pale Kibirizi. Dada yangu wa Uvinza alinitumia link WhatsApp ya mkopo wa akina mama, nikaangalia juu ina kufuli nikajua iko salama, nikajaza namba yangu, wakataka code ya tarakimu 6 iliyoingia kwa meseji nikaweka. Sasa WhatsApp imenitoa na watu wanaombwa hela kwa jina langu. Kuna kijana anasema nimpe elfu 30 airudishe. Nimpe?

JIBU: Marahaba mama, usimpe hata mia. Fungua WhatsApp, andika namba yako, itakuja code mpya kwenye laini yako, ukiijaza tu mwizi anatolewa hapohapo. Ikikudai na PIN ambayo hukuiweka, kaiweka yeye, hapo utasubiri siku 7 ndo uingie bila hiyo PIN ila yeye tayari yuko nje. Bure kabisa. Ukirudi weka PIN yako mwenyewe. Huyo kijana hana mtambo wowote, atakuomba code ileile aliyokuomba mwizi, tofauti yake huyu anataka na elfu 30 juu.

Sasa hilo kufuli. Hapa ndo huwa nachoka jamani, maana hapa Mwanga kila anayeniletea simu analia ananiambia "lakini fundi ilikuwa na kufuli". Kufuli maana yake mnachoandikiana wewe na hiyo tovuti hakisomwi na mtu njiani, basi. Mwenye tovuti ni nani, kufuli halijui na wala halina habari. Tapeli naye analipata bure kwa dakika chache, kwahiyo wewe unaongea na mwizi faragha kabisa, hakuna anayewasikia. Google wenyewe mwaka 2023 waliliondoa kufuli kwenye Chrome ya kompyuta kwasababu watu walikuwa wanalielewa hivyohivyo.

Kinachosomwa ni jina la tovuti. Ukishapita ile https:// tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, halafu soma kurudi nyuma, maneno ya mwisho kabla ya huo mkwaju ndo mwenye nyumba. Ya serikali inaishia hapo na .go.tz. Matapeli wanaichomeka go.tz katikati halafu mwishoni inakuja .xyz, na mtu akishaona go.tz na picha ya bibi na bwana basi anajaza mpaka PIN ya hela, wakati hakuna hela duniani inayohitaji PIN yako ili ikuingie wewe! Kama na hiyo uliijaza, ibadilishe sasa hivi kabla hujamaliza kusoma, upige 100, huduma kwa wateja. Wakikutumia na meseji za kawaida, ifowadi meseji na namba yao kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Na waliokutumia link ni "ndugu" kama ulivyo wewe sasa kwa wateja wako. Mpigie dada yako, simu ya kawaida siyo WhatsApp, huenda mpaka leo hajui kama WhatsApp yake nayo imeibiwa.