Picha inang'aa kwa skrini, ikitoka labu ni giza

SWALI: Habari yako mwalimu. Mimi ni mpiga picha hapa Kondele, Kisumu, nafanya harusi, ayie (sherehe ya mahari ya Wajaluo), mahafali na bathdei za watoto. Juzi nilishika harusi moja kubwa, nikakaa na hizo picha karibu wiki nzima nikiediti usiku kwa laptopu baada ya kazi za mchana, zikawa safi kabisa, kila niliyemwonyesha alizipenda. Nikapeleka labu wanitolee albamu, ikarudi sura zote ni giza, macho ya bwana harusi hayaonekani na suti yake ya bluu imegeuka nyeusi. Labu wakaniambia mashine yao iko sawa. Nikajaribu labu ingine na picha tano tu, giza ni lile lile, ila hizi zina ukijani kidogo. Mama ya bibi harusi ananipigia simu kila siku. Sasa makosa ni ya nani, na je, niongeze tu mwangaza kwa picha zote nipeleke tena?
– Mpiga picha, Kondele

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na kwanza usiongeze chochote kwa hizo picha. Labu mbili ambazo hazijuani zimekupa giza lile lile, kwa hivyo kitu cha kwanza kushuku ni skrini yako. Naandika hivi nikijua uchungu wake kwa sababu yalinipata nikianza kazi Nakuru, niligombana na kijana wa labu mbele ya wateja wake, nikaja kugundua shida ilikuwa mezani kwangu, nikarudi kumwomba msamaha na ile albamu nikairudia kwa pesa yangu mwenyewe.

Kinachotokea ni hiki. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi haina mwanga, inarudisha tu ule inaopata kutoka dirishani au kwa balbu. Laptopu nyingi ukiweka mwangaza mwisho zinafika kandela (kipimo cha mwangaza) 250, hata 300 kwa mita moja ya mraba, na kazi ya kuprinti inataka skrini iwe kama kati ya 80 na 120. Sasa wewe unaediti usiku, chumba kina giza, skrini imewashwa yote, picha inakuumiza macho bila wewe kujua, unaishusha kidogo, unaishusha tena, mpaka ionekane tamu kwa hiyo taa kali. Ile faili yenyewe imeshakuwa giza. Labu imeprinti kile ulichowapa.

Na kwa watu wetu hili jambo linauma zaidi, niseme wazi. Ngozi nyeusi iko upande wa chini wa mizani ya mwanga, kwa hivyo picha ikishuka kidogo tu kinachopotea kwanza ni uso wa mtu, lile gauni jeupe bado litaonekana sawa na utadhani picha ni nzuri. Hapo zamani labu zilikuwa zinapima rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, ziliitwa kadi za Shirley, yaani ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi ya kila mtu. Siku hizi kipimo kiko mikononi mwetu, hatuna sababu ya kumpa mzee albamu ambayo hawezi kuona uso wa mtoto wake.

Leo leo, bila kununua kitu, fanya hivi. Editi mchana, kaa mahali dirisha liko kando, jua lisipige skrini wala lisikupige usoni. Zima ile setingi ya usiku inayofanya skrini iwe ya manjano, zima mwangaza unaojibadilisha wenyewe, na kama ni monita ya mezani irudishe setingi zake za kiwandani halafu uiache ikiwaka nusu saa ipate joto kabla uguse rangi yoyote. Kisha fungua ukurasa mtupu mweupe kwa kompyuta, shika karatasi nyeupe ya kawaida kando ya skrini ikipata ule mwanga wa dirishani, na ushushe mwangaza polepole mpaka weupe wa skrini na weupe wa karatasi ukaribiane. Utashtuka vile itashuka, utaona skrini kama imekufa, vumilia dakika kumi macho yatazoea. Chukua ile albamu iliyorudi uiweke hapo kando, fungua faili zake, na mara nyingi utaona ghafla zinafanana, ni giza zote mbili. Hapo ndipo uanze kuediti upya.

Lakini hiyo ni ya kushika shika. Jicho halifai kupima rangi kwa sababu linazoea, ukikaa chini ya mabati yenye kioo cha kijani baada ya muda unaona kila kitu ni kawaida, na ukuta ukiwa wa pinki unarudisha pinki kwa skrini na kwa karatasi na wewe huoni. Ndiyo maana kuna kolorimita, kadude kadogo kanakaa juu ya skrini kakiunganishwa na USB. Kampuni zinazojulikana ni Datacolor wanaotengeneza Spyder, na Calibrite walioshika zile za X-Rite. Ukitaka programu ya bure kuna ArgyllCMS na DisplayCAL. Programu inaonyesha rangi moja moja, nyekundu, kijani, bluu, na kijivu cha kila kiwango, kale kadude kanasoma kile skrini imetoa kweli na kulinganisha na kile kilichotakiwa. Mwanzoni itakuuliza malengo, mwambie weupe 6500 kelvini, yaani weupe kama wa mchana, gama 2.2, yaani jinsi vivuli vinavyopanda kutoka giza hadi mwanga, na mwangaza kandela 100 au 120. Ikimaliza inakuandikia profaili ya ICC, ambayo ni kama barua inayoziambia programu za kuediti kama Photoshop na Lightroom kwamba skrini hii inazidisha bluu kiasi hiki, zipunguze. Rudia kila mwezi kwa sababu skrini inachoka. Ni kifaa cha bei, sitakudanganya, lakini kinatumika mara moja kwa mwezi tu, kwa hivyo wapiga picha wanne watano wa Kisumu mnaweza kuchanga mkanunua kimoja kikawa kinazunguka, ila angalia kwanza kama leseni ya programu yake inaruhusu kompyuta nyingi.

Ule ukijani wa labu ya pili ni kesi yake. Kila printa na kila karatasi ina tabia yake, kwa hivyo waulize kama wana profaili ya karatasi yao, uifungue kwa Photoshop uone picha itakavyotoka kabla hujalipa. Kama hawana, wape faili za sRGB, ule mpangilio wa rangi wa kawaida, na uwaombe wasiguse rangi, halafu toa picha moja ya jaribio yenye uso, gauni na kitu cha kijivu, uitazame mchana karibu na dirisha. Kwa mama ya bibi harusi, mpigie wewe leo kabla hajapiga, mwambie unairudia.

SWALI: Nilipiga flamingo wa Ziwa Nakuru, kwa kompyuta ni pinki nzuri sana, nikiwatumia watu kwa simu wamepauka kama wamefuliwa. Na skrini nimeshakalibreti.
– Msomaji wa kike, Nakuru

JIBU: Dada, yawezekana kamera yako au Lightroom imewekwa Adobe RGB, mpangilio wa rangi ulio mpana kuliko sRGB. Hiyo ni ya mwaka 1998 na ina nafasi kubwa ya rangi, hasa upande wa kijani, lakini simu na tovuti nyingi zinatarajia sRGB, ile iliyotoka kwa HP na Microsoft mwaka 1996. Simu isiyosoma profaili inachukua namba za Adobe RGB na kuzisoma kama sRGB, basi rangi inafifia. Wakati wa kutoa faili chagua kubadilisha kwenda sRGB. Iwe ni kubadilisha kweli, usibandike tu jina la sRGB juu ya faili, kwa sababu hiyo ndiyo inaleta mpauko huo huo. Ile faili ya kwanza iweke salama, siku ukiprinti kwa karatasi nzuri utaihitaji.

SWALI: Nanunua monita ya mtumba ya kuedit picha, niangalie nini?
– Kakamega

JIBU: Iwe ya IPS, aina ya paneli ya skrini ambayo rangi haibadiliki sana ukiitazama kutoka pembeni. Zile za TN, aina nyingine ya paneli, ukiinua kichwa kidogo uso wa mtu unabadilika rangi, na hakuna kolorimita itakayokusaidia hapo. Uliza kama inafikisha sRGB yote au karibu. Ukiwa pale dukani jaza skrini na kijivu kitupu, usimame mbele, kisha kushoto, kisha kulia, na kama kona moja ni ya manjano na ingine ya bluu, iache hapo hapo hata kama bei ni nzuri.