Askari mpya, usikubali lindo la duka la bangi kabla ya kuyajua haya

Colorado, jimbo la Marekani, ilihalalisha bangi ya starehe kwa kura ya mwaka 2012, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Kwa kuwa benki nyingi zinayaogopa, maduka haya hukaa na fedha taslimu nyingi, na majambazi wanalijua hilo. Ndiyo maana mwenye duka humtafuta polisi aliyemaliza zamu aje asimame mlangoni. Askari mgeni huona ni kibarua kama cha kulinda duka la vyakula. Sicho.

Leseni ya duka ni ya jimbo. Sheria ya shirikisho (yaani ya serikali kuu ya Marekani) ya mwaka 1970 ya dawa zinazodhibitiwa haiitambui, na mwaka 2005, katika kesi ya Gonzales dhidi ya Raich, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema Bunge la nchi linaweza kupiga bangi marufuku hata pale jimbo linapoiruhusu. Kwa mwendesha mashtaka wa shirikisho, basi, duka lile linauza dawa za kulevya, na anayelilinda akijua hivyo anaweza kushtakiwa kwa kusaidia kosa au kula njama.

Zito kuliko yote ni bastola. Kifungu cha 924(c) cha sheria za jinai za shirikisho kinamwadhibu mwenye silaha inayoendeleza biashara ya dawa: kifungo kisichopungua miaka 5, kikipanda hadi 7 ukiitoa kutisha mtu, na 10 ikifyatuka. Miaka hiyo huanza baada ya kumaliza kifungo cha kosa jingine, wala jaji hawezi kukupa kifungo cha nje. Na silaha yako imewekwa pale kwa kazi gani, kama si kulinda mzigo na fedha zake? Sheria ya mwaka 2004 inayomruhusu polisi kubeba silaha iliyofichwa akiwa nje ya zamu haifuti kosa hili.

Wakongwe watakuambia serikali ya shirikisho haiwagusi wanaofuata sheria ya jimbo. Waraka wa Wizara ya Sheria wa Agosti 2013 ulielekea huko, lakini ulifutwa Januari 2018. Waraka hufutwa kwa saini moja, ilhali makosa mengi ya shirikisho yanaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 5. Lindo la leo linaweza kuhukumiwa na utawala usioujua. Tangu mwisho wa 2014 Bunge limekuwa likiizuia wizara hiyo kutumia bajeti yake kuingilia sheria za majimbo za bangi ya tiba. Bangi ya starehe haimo, hivyo uliza duka linauza ipi. Mara nyingi huuza zote mbili chini ya paa moja.

Ruhusa ya mdomo ya sajenti usiitegemee hata kidogo. Omba barua ya mkuu wa polisi inayolitaja duka kwa jina, kisha muulize mwanasheria wa jiji, kwa maandishi, kama jiji litakutetea na kulipa fidia ukimjeruhi mtu pale. Bila majibu hayo unaweza kujikuta unajilipia wakili mwenyewe. Ukinyimwa ruhusa, usivue sare ukaenda kama mlinzi binafsi: kosa la silaha linabaki palepale, na umeongeza la kukaidi amri.

Mshahara usipokee kwa bahasha. Usisindikize fedha za duka kwenda benki, maana hapo umekaribia utakatishaji fedha. Na usizigawe fedha taslimu ili kila unapoweka benki ziwe chini ya dola 10,000 kusudi benki isiiandikie serikali taarifa. Hilo ni kosa peke yake, hata kama fedha ni halali.

Kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki na Kongo walio katika kampuni za ulinzi huko Marekani bila uraia, hatari ni kubwa zaidi. Aprili 2019 idara ya uhamiaji ilieleza kwamba kazi katika biashara ya bangi, hata ikiruhusiwa na jimbo, inaweza kukukosesha sifa ya mwenendo mwema inayotakiwa kwenye maombi ya uraia. Kabla ya kusaini mkataba, uliza kama kampuni ina wateja wa aina hiyo, na itake iandike kwamba hutapangwa huko.