Rasimu kwa mwezi mmoja: kazi inaanza Oktoba

Dada, nimekusoma: duka unafunga saa mbili usiku, mwaka jana uliishia sura ya tatu, na Novemba hii unataka rasimu nzima ya riwaya yako. Mimi niliwahi kuishia ya nne, kwa hiyo pole.

Lile lengo la kuandika riwaya ya maneno 50,000 kwa mwezi mmoja lilianzia Marekani mwaka 1999. Ni kama 1,667 kwa siku. Kiswahili hubana: "sitakuambia" ni neno moja, Kiingereza kinahitaji manne au matano. Jiwekee 1,000 tu.

Oktoba nunua kauntabuku. Andika mhusika wako anataka nini, nani anamzuia, na mwisho ukoje. Mwisho hasa, mimi nilikwama kwa kutomjua muuaji wangu mwenyewe! Orodhesha majina pia. Shangazi wangu wa ukurasa wa 10 alikuwa Mwanaidi, kufika wa 60 kawa Mwanahamisi.

Andika alfajiri, usiku utasinzia. Usirudi nyuma kusahihisha. Kila siku jitumie nakala kwa barua pepe, maana simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ikiwa na sura mbili.

Vidole vikifa ganzi, pumzika. Ganzi isipoisha, muone daktari, riwaya itasubiri.